Majina na kalenda kutolingana kati ya mtandao na kompyuta: dalili, chanzo na tiba

Kabla hujagusa kitufe chochote, fungua kivinjari, ingia kwenye akaunti yako kupitia tovuti ya huduma yenyewe, kisha utazame. Lile jina unalolitafuta kwenye orodha ya watu wako na namba zao lipo kule? Kile kikao cha Jumanne kipo? Ukishajibu hilo, nusu ya kazi imekwisha. Kilichopo kwenye tovuti na hakipo kwenye kompyuta kimekwama kushuka. Kilichopo kwenye kompyuta na hakipo kwenye tovuti kimekwama kupanda. Kisichopo kote kuwili ama kimefutwa, ama tangu mwanzo kilihifadhiwa mahali pengine kabisa. Ni maradhi matatu, na dawa ya moja huweza kuwa sumu kwa jingine.

Nasema sumu kwa sababu nimeiona. Mtu akikwama, la kwanza linalomjia ni kuiondoa akaunti kwenye kompyuta na kuiweka upya. Kama tatizo ni la kushuka, hilo halina madhara na mara nyingi hutibu. Kama tatizo ni la kupanda, yale majina mia mbili yaliyokuwa yamebaki kwenye kompyuta peke yake yanaondoka pamoja na akaunti, na hakuna pa kuyatafuta tena.

Usawazishaji si kunakili. Ukinakili faili kwenye flashi una nakala mbili. Ukifuta moja, ya pili inabaki. Ukisawazisha, pande mbili zimekubaliana kufanana, na kufuta ni badiliko kama mabadiliko mengine: nako kunasafiri. Shangazi yangu aliwahi kunipigia akiwa na wasiwasi mkubwa. "Mwanangu, mimi nimepunguza majina kwenye kompyuta tu. Mbona na kwenye simu yameondoka?" Nikamwambia, "Pole shangazi, usiguse kitu kingine, nakuja." Hakuna kilichokuwa kimeharibika, mfumo ulifanya alichouambia. Kilichotuokoa ni kwamba alipiga simu siku ileile, majina yakiwa bado kwenye kikapu cha taka cha huduma.

Kikapu hicho kina muda wake. Google huweka majina yaliyofutwa kwa siku 30, na mbali na kikapu ina amri ya kutengua mabadiliko ambayo huirudisha orodha nzima ilivyokuwa wakati fulani ndani ya siku hizo 30. Kalenda yake nayo ina kikapu. iCloud, huduma ya Apple, huhifadhi matoleo ya nyuma ya majina na ya kalenda, na huyapati kwenye programu za kompyuta bali kwenye tovuti yake, sehemu ya kurejesha data. Angalia hapo mapema. Lakini kumbuka kwamba kurejesha toleo la zamani kunaondoa lililopo sasa, kwa hiyo hifadhi lililopo kwanza.

Na hilo ndilo sharti langu pekee kabla hatujaendelea: toa nakala kutoka pande zote mbili. Majina yatoke kwa muundo wa vCard, faili lenye kiishio .vcf, kalenda itoke kwa faili la .ics. Weka nne hizo kwenye folda yenye tarehe ya leo. Ni kazi ya dakika tano, na ukiwa nazo unaweza kujaribu lolote lililoandikwa hapa chini bila moyo kwenda mbio.

## Nenosiri ni sahihi lakini linakataliwa

Hii ndiyo dalili inayoongoza. Unaingia kwenye tovuti bila shida, lakini programu ya kompyuta inaomba nenosiri tena na tena, au inatoa kosa namba 401. Mtu hubadilisha nenosiri mara tatu, na tatizo halitikisiki.

Chanzo kwa kawaida ni kwamba huduma haitaki tena nenosiri lako la kawaida litumiwe na programu za nje. Google ilizima njia hiyo kwa akaunti za watu binafsi kuanzia tarehe 30 Mei 2022. Microsoft ilifanya hivyo kwa akaunti binafsi za Outlook.com tarehe 16 Septemba 2024. Badala yake kuna njia mbili. Ya kwanza ni programu kukufungulia dirisha la huduma yenyewe, ukaingia humo, ukakubali, na huduma ikaipa programu tokeni ya ruhusa. Utaratibu huo unaitwa OAuth. Ya pili ni nenosiri la programu: mfululizo wa herufi unaotolewa na huduma kwa ajili ya programu moja tu, baada ya wewe kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili.

Kwa kalenda ya Google, tumia OAuth. Programu ya zamani isiyoweza kufungua dirisha hilo haitaunganika hata ukiibembeleza. Isasishe au uiache. Katika Thunderbird, programu ya bure ya barua pepe na kalenda ya kompyuta, dirisha la Google linaweza kufunguka, ukaandika kila kitu vizuri, kisha likakurudisha mwanzo bila maelezo. Angalia kama umezuia vidakuzi (vijifaili ambavyo tovuti hutumia kukukumbuka) ndani ya mipangilio ya Thunderbird yenyewe, si ya kivinjari chako. Bila vidakuzi, kuingia hakukamiliki.

Kwa iCloud, programu isiyo ya Apple inahitaji nenosiri la programu. Unaruhusiwa kuwa nayo hadi 25 kwa wakati mmoja. Jambo linalowashangaza wengi ni hili: ukibadilisha nenosiri kuu la akaunti ya Apple, yote 25 yanafutwa papo hapo. Kwa hiyo kama usawazishaji ulikufa ghafla kwenye programu kadhaa siku moja, jiulize kama jana hukubadilisha nenosiri. Tengeneza mapya, kila programu na lake, na uyape majina yanayoeleweka ili siku ya kompyuta kuibiwa ufute la hiyo tu.

Kuna makosa mengine yenye namba, na yafaa kuyajua kwa sababu kila moja linakuelekeza kwingine. Kosa 403 linasema umetambuliwa, ila huna ruhusa ya kufanya ulichoomba. Tazama ruhusa za kalenda iliyoshirikiwa, usihangaike na nenosiri. Kosa 404 linasema anwani ya seva, yaani kompyuta ya huduma inayotunza data yako, ina kasoro. Kosa 507 linasema nafasi kwenye seva imejaa. Kosa 429 au 503 linakutaka usubiri, na kubofya kitufe cha kuonyesha upya mara ishirini ndiko kunakozidisha kusubiri huko. Onyo kuhusu cheti cha usalama likitokea kwenye kompyuta moja tu, tazama kwanza tarehe na saa ya kompyuta hiyo: ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa kwa sababu betri ndogo ya ndani imekufa, kila cheti kitaonekana batili.

## Programu haina hata mahali pa kuweka anwani ya seva

Hapa tatizo ni la lugha. Huduma nyingi huongea lugha mbili za wazi: CalDAV kwa kalenda, iliyochapishwa kama kiwango mwaka 2007, na CardDAV kwa majina, iliyofuata mwaka 2011. Programu isiyozijua haitazungumza na huduma hizo, hata nenosiri liwe sahihi namna gani.

Thunderbird inazijua zote mbili: kalenda iliingizwa ndani yake moja kwa moja katika toleo la 78 la mwaka 2020, na CardDAV ikaja katika toleo la 91 mwaka uliofuata. Kama yako ni ya kabla ya hapo, usitafute dawa nyingine. Programu za Apple za majina na kalenda pia zinazijua. Outlook ya kompyuta haizijui. Kwa Outlook ya kawaida kwenye Windows watu hutumia kiongezi (programu ndogo inayopachikwa ndani ya nyingine) cha bure kiitwacho CalDav Synchronizer, ambacho hukaa katikati kama mkalimani. Outlook mpya, ile inayokuja na Windows za sasa, haipokei viongezi vya aina hiyo. Aliyehamia huko akakuta kalenda yake imetoweka, mara nyingi ni mkalimani aliyeachwa nyuma. Na kama ulikuwa ukitumia programu za Mail, Calendar na People za Windows 10, Microsoft iliacha kuzihudumia tarehe 31 Desemba 2024. Hakuna mpangilio utakaozifufua.

Kuhusu anwani ya seva yenyewe: iCloud hutumia caldav.icloud.com kwa kalenda na contacts.icloud.com kwa majina. Nextcloud, huduma unayoweza kuiendesha kwenye seva yako mwenyewe, hutumia njia inayoishia na /remote.php/dav. Programu nyingi zinahitaji jina la seva tu, kisha zenyewe hubisha hodi kwenye /.well-known/caldav na /.well-known/carddav ili zielekezwe. Kama seva ni yako na programu inasema haikupata kalenda yoyote, fungua njia hizo mbili kwenye kivinjari. Zisipokupeleka popote, kasoro iko kwenye mipangilio ya seva ya mbele, ile inayopokea maombi kwanza, na upande wa programu ya kompyuta hakuna la kufanya.

## Imeunganika, lakini baadhi ya majina au kalenda hayaonekani

Anza na swali la mahali. Karibu kila programu ina vitabu viwili vya anwani au zaidi: kimoja cha akaunti ya mtandaoni, kingine cha kompyuta peke yake. Thunderbird ina kitabu binafsi na kingine kinachokusanya chenyewe anwani za watu uliowaandikia. Vyote viwili havitoki nje ya kompyuta. Kalenda yake ya kwanza, inayokuja na programu, nayo ni ya ndani. Mac ina sehemu ya majina yaliyo kwenye Mac tu. Simu nazo zina kumbukumbu ya kifaa na laini, na jina lililohifadhiwa kwenye laini halijawahi kusafiri kwenda popote.

Kwa hiyo usimlaumu msafirishaji kwa mzigo ambao hakupewa. Hamisha majina hayo kutoka kitabu cha ndani kwenda cha akaunti, kisha nenda kwenye mipangilio ubadilishe akaunti chaguomsingi ya majina mapya. Usipofanya hatua hii ya pili, baada ya miezi sita utarudi hapahapa.

Google ina mtego wake. Watu uliowasiliana nao kwa barua pepe bila kuwahifadhi huwekwa kwenye kundi la anwani nyingine. Unawaona kwenye tovuti, na barua inajijaza majina yao, kwa hiyo unaamini wamo. Lakini kundi hilo halisawazishwi na programu za majina. Waongeze kwenye orodha kuu, nao watashuka.

Kwa kalenda zilizoshirikiwa na wenzako kuna mtego mwingine, hasa kwenye programu za Apple: kalenda yako mwenyewe inaonekana, za wenzako hazionekani. Google ina ukurasa wa kuchagua kalenda zitakazokwenda kwenye vifaa hivyo, calendar.google.com/calendar/syncselect. Ukurasa huu haumo kwenye menyu yoyote ya kawaida, na sijui mtu aliyewahi kuupata kwa kubahatisha. Fungua, weka alama kwenye kalenda unazotaka, hifadhi, kisha onyesha upya.

Matukio ya zamani yakikosekana na mapya yapo, hakuna kilichopotea: programu imewekewa kikomo cha kurudi nyuma. iPhone ina mpangilio wa kuchagua wiki mbili, mwezi mmoja, mitatu, sita au yote. DAVx⁵, programu ya usawazishaji ya Android, huanza na siku 90. Ongeza muda, yatashuka.

Makundi ni suala gumu zaidi, na sitakudanganya kwamba lina tiba safi. Kadi ya jina husafiri vizuri kati ya huduma. Kundi ambalo kadi hiyo imo halisafiri hivyo. Apple huliandika kundi kama kadi ya pekee inayoorodhesha wanachama wake. Programu nyingine huandika jina la kundi ndani ya kila kadi. Google ina lebo zake. Unapovuka kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine, makundi hutoweka au hugeuka kuwa "watu" wa ajabu wasio na namba. Ukiwa na makundi muhimu, yatunze upande mmoja tu na usiruhusu programu ya upande wa pili iyahariri. DAVx⁵ ina chaguo la kuamua mtindo wa makundi. Lichague kabla ya usawazishaji wa kwanza, kwani kulibadilisha baadaye kunavuruga.

## Naona kila kitu, lakini siwezi kubadilisha

Kalenda iliyoletwa kwa kiungo cha .ics ni tangazo ukutani: unalisoma, huliandiki. Watu huchanganya mambo matatu yanayofanana kwa sura. Kuleta faili la .ics ni kunakili mara moja. Mabadiliko ya baadaye hayatakufikia. Kujiandikisha kwa kiungo cha .ics ni kusoma upya kila baada ya muda, upande mmoja tu. Kuunganisha kwa CalDAV ndiko kunakokuwezesha kuandika na kusoma. Kama umefanya la kwanza au la pili ukitarajia la tatu, ondoa, uunganishe upya kwa CalDAV.

Kujiandikisha nako kuna subira yake. Ukiweka kiungo cha kalenda ya nje ndani ya Google, badiliko laweza kuchukua hadi saa 12 kuonekana, na hakuna kitufe cha kuharakisha. Usitumie njia hii kwa ratiba inayobadilika ndani ya siku.

Nikiwa hapa, tahadhari moja ninayoijali sana: kile kiungo cha siri cha .ics ni ufunguo. Yeyote aliye nacho anasoma kalenda yako bila nenosiri, hata baada ya wewe kubadilisha nenosiri. Ukikituma kwenye kundi la gumzo, kiweke upya kwenye mipangilio ili cha zamani kife.

Kama umeunganisha kwa CalDAV na bado huandiki, mwombe mwenye kalenda aangalie amekupa ruhusa gani. Kuona matukio si kuyabadilisha, na kuna ngazi ya chini zaidi inayoonyesha kwamba mtu ana shughuli bila kusema shughuli gani. Hiyo ndiyo husababisha kalenda iliyojaa mistari yenye neno moja tu. Katika Thunderbird, tazama pia kama alama ya kusoma tu haijawekwa kwenye sifa za kalenda.

## Kila jina lipo mara mbili, au mara nne

Kila kadi ya jina na kila tukio hubeba namba ya utambulisho, UID. Programu hazilinganishi majina wala namba za simu, zinalinganisha UID. Kadi mbili zenye jina lilelile, namba ileile ya simu na UID tofauti ni watu wawili machoni pa seva.

UID mpya huzaliwa kwa njia mbili kuu. Moja ni kuleta faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, ambalo kwa kawaida halina UID ndani yake: ukilileta mara mbili kwa kudhani la kwanza halikuingia, umezaa mapacha. Nyingine ni kuwa na barabara mbili kati ya miji miwili. Umeunganisha akaunti kwenye mfumo wa kompyuta, kisha ukaiunganisha tena kupitia kiongezi. Au kompyuta inavuta majina kutoka huduma ya kwanza na kuyapandisha kwenye ya pili, huku simu ikivuta kutoka ya pili na kuyarudisha kwenye ya kwanza. Huo ni mzunguko, na kila ukizunguka orodha inaongezeka: 400, kisha 800, kisha 1,600.

Ndiyo maana kusafisha kabla ya kukata barabara ya pili ni kuchota maji kwa pakacha. Kata kwanza. Zima usawazishaji wa majina kila mahali isipokuwa barabara moja unayoitaka. Subiri siku nzima uone idadi haisogei. Hapo nenda kwenye tovuti, tumia amri ya kuunganisha majina yanayojirudia, na uipitie orodha ya mapendekezo kwa macho yako, maana ndugu wawili wanaotumia namba moja ya simu ya nyumbani huweza kuunganishwa kuwa mtu mmoja. Ukimaliza, acha orodha safi ishuke kwenye vifaa.

Siku za kuzaliwa zikijirudia peke yake, sababu ni nyepesi. Huduma hutengeneza kalenda ya siku za kuzaliwa kutokana na majina, na kompyuta nayo hutengeneza yake kutokana na majina hayohayo. Zima moja.

## Saa zimehama

Pima tofauti ilivyo, kwa sababu ukubwa wake unakutajia chanzo.

Ndani ya faili la .ics, muda wa tukio unaweza kuandikwa hivi:

DTSTART:20250310T090000Z
DTSTART;TZID=Europe/London:20250310T090000
DTSTART:20250310T090000
DTSTART;VALUE=DATE:20250310

Mstari wa kwanza, wenye Z mwishoni, ni saa ya UTC, saa ya rejea ya dunia nzima. Kila kompyuta huigeuza kuwa ya kwake. Wa pili umefungwa kwenye saa za mahali palipotajwa. Wa tatu unaelea: saa 09:00 ya popote ulipo. Wa nne ni siku nzima, bila saa kabisa.

Tukio likikosea kwa kiasi kilekile ambacho eneo lako linatofautiana na UTC, basi upande mmoja umeandika kwa UTC na wa pili umesoma kama saa ya kwake, au kinyume. Kagua saa za eneo mahali patatu: kwenye mfumo wa kompyuta, kwenye mipangilio ya programu, na kwenye mipangilio ya akaunti huko kwenye tovuti. Hapo pa tatu husahauliwa na karibu kila mtu, nako ndiko kosa hujificha, kwa sababu akaunti huenda ilifunguliwa kwa saa za eneo jingine.

Likikosea kwa saa moja tu, tena kwa majuma machache ya mwaka, huenda hakuna kosa. Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Katikati ya tarehe hizo, kikao kilichofungwa kwenye saa za New York husogea kwa aliye London, na kwa aliye mahali pasipobadilisha saa husogea mara mbili kwa mwaka. Kama kosa linadumu mwaka mzima, sasisha mfumo wa kompyuta ili upate jedwali jipya la saa za maeneo. Tazama pia majina ya maeneo: Windows huiita saa ya London "GMT Standard Time", ingawa London majira ya joto haifuati GMT, na programu isiyojua hilo hukosea saa moja nusu ya mwaka.

Likikosea kwa masaa sita kamili, muulize aliyeliandika kabla ya kuchunguza seva. Aliyeandika 3:00 akimaanisha saa tatu asubuhi ameiambia kompyuta saa tisa usiku. Kwenye kalenda inayoshirikiwa, kubalianeni kuandika kwa saa 24: 09:00, 15:00.

Siku ya kuzaliwa ikitanda siku mbili au ikirudi nyuma siku moja, iliandikwa kama muda kuanzia usiku wa manane hadi usiku wa manane badala ya siku nzima. Ukivuka eneo, usiku wa manane huangukia tarehe nyingine. Ifungue, weka alama ya siku nzima, hifadhi.

## Herufi na namba zimeharibika

José amekuwa "JosÃ©": faili liliandikwa kwa UTF-8, namna ya sasa ya kusimba herufi, likasomwa kwa usimbaji wa zamani. Ukiona "=C3=A9" mahali pa é, faili ni vCard 2.1, toleo la 1996, na programu inayolisoma haijalielewa. Toa upya kwa vCard 3.0 au 4.0. Usisahihishe majina mkono kwa mkono. Chanzo kikibaki, yataharibika tena.

Namba za simu zina adui mmoja mkubwa, nayo ni kufungua CSV kwa Excel na kulihifadhi. Excel huiona namba ya simu kuwa hesabu: huondoa sifuri ya mbele, huondoa alama ya kujumlisha, na namba ya tarakimu 12 huionyesha kama 1.23457E+11. Ukihifadhi CSV katika hali hiyo, tarakimu za mwisho zimekwenda na hazirudi. Kama ni lazima upite Excel, usilifungue faili kwa kubofya mara mbili. Lilete kupitia amri ya kuleta data na uitangaze safu ya simu kuwa maandishi. Mimi hupita na vCard na kuiacha CSV kabisa.

Kipo pia kinachopotea kimyakimya kwa kukosa nafasi ya kukaa. Outlook ina nafasi tatu za barua pepe kwa kila mtu. Mwenye nne atapoteza moja.

## Ninachobadilisha kinarudi kilivyokuwa

Unasahihisha namba, unahifadhi, baada ya dakika kumi ya zamani imerejea. Kila kadi kwenye seva ina alama ya toleo, ETag. Programu yako ikipeleka badiliko huku ikishika alama ya toleo lililopita, seva inalikataa kwa kosa 412, maana yake mwingine ameshagusa kadi hiyo. Programu nzuri huvuta toleo jipya na kukuuliza. Nyingine hulirudisha la seva bila kusema. Fanya sahihisho kwenye tovuti, vifaa vingine vikiwa vimetulia, na ushuke nalo. Likirudi tena, kuna kifaa cha zamani, pengine simu iliyo kwenye droo lakini inapata intaneti, kinachopandisha toleo lake. Orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako itakionyesha.

Wakati mwingine kitu kimoja kibovu husimamisha vyote: picha kubwa mno kwenye kadi, au tukio la kujirudia lenye kanuni iliyovunjika. Gawanya orodha nusu kwa nusu. Tengeneza kitabu kipya, hamishia nusu ya majina, tazama ni nusu ipi inayokwama, igawe tena. Majina 1,000 humalizika kwa migawanyo kama kumi.

## Inachelewa tu

Thunderbird huangalia kalenda kila baada ya dakika 30 usipobadilisha. Kwenye simu, kiokoa betri huua programu za usawazishaji. Zipe ruhusa ya kufanya kazi bila kizuizi.

## Kuanza upya, kama yote yameshindikana

Mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko hatua zenyewe.

1. Toa nakala za .vcf na .ics kutoka pande zote, hata kama ulizitoa asubuhi.
2. Amua upande upi una orodha kamili. Kama ni kompyuta, peleka kwanza kwenye tovuti vile visivyokuwepo kule, ukitumia vCard, na uhakikishe vimefika kwa kuvisoma kwenye kivinjari.
3. Zima usawazishaji kwenye vifaa vyote. Ondoa akaunti kwenye kompyuta.
4. Safisha kwenye tovuti.
5. Rudisha akaunti kwenye kompyuta moja tu, kwa njia moja tu. Linganisha idadi ya majina kwenye kompyuta na idadi iliyo kwenye tovuti.
6. Tengeneza jina la majaribio kwenye kompyuta na ulisubiri kwenye tovuti. Tengeneza jingine kwenye tovuti na ulisubiri kwenye kompyuta. Rudia kwa tukio la kalenda, la saa fulani na la siku nzima. Badilisha kila kimoja, kisha ukifute upande usiokizaa.
7. Vifaa vingine virudi kimoja kimoja, siku tofauti, ili kile kitakacholeta fujo kijulikane kwa tarehe yake.